Ulinituma Kagera Bila Kuniambia

Tlawi, nyumbani kwa Baba

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu sasa najua kwamba ulikuwa unajua kusoma.

Kama ningekuwa sijui, ningekuwekea nia ya misa hapa parokiani kama mabinti wengine wanavyowafanyia mama zao, halafu nikarudi zangu Katesh kulea mtoto. Lakini mtu anayejua kusoma anaandikiwa barua, na hii imenikaa kooni tangu siku tuliyokuzika. Usitegemee iwe tamu. Unanijua. Wewe mwenyewe ulikuwa unawaambia majirani kwamba Basilisa aliota ulimi kabla ya meno.

Nianze na hilo la kusoma, maana ndilo dogo. Unakumbuka mwaka ule wa kisomo cha watu wazima, kijiji kizima kilipokuwa kikiingia darasani alasiri baada ya shamba la ujamaa. Ulikaa nyuma kabisa, na Mwalimu Mwanahawa, yule aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, akawa anakuja mpaka ulipo kukushika mkono uandike a. Ulirudi nyumbani ukasema, "Herufi zinanikimbia. Wacha wasome wenye macho." Nilicheka mpaka Baba akanikemea. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza darasa la saba, najiona bwana shauri. Tangu hapo barua zako zote nikawa naandika mimi. Ulikuwa unakaa kwenye kigoda unapukuchua mahindi, unasema, "Mwambie kaka yako kwamba ng'ombe wamezaa," mimi naandika, halafu nakusomea, nawe unatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio. Wakati mwingine nilikuwa naongeza maneno yangu kuipendezesha. Nilijivunia kuwa kalamu yako, Mama. Kumbe ulikuwa nayo ya kwako, umeificha.

Kaka yangu. Sijui nimwandike vipi kwako. Kanisani ni Paskali, nyumbani ni Tluway, kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua. Vita ilipoanza walichukuliwa na mgambo wenzake, wakapandishwa malori pale bomani Mbulu. Mimi na wewe tulisimama karibu na tairi la nyuma. Alikuwa amevaa koti la mvua la Baba lililomzidi mabega, na mimi kwa ulimi wangu huu nikamwambia anaonekana kama kitisha-ndege. Alicheka. Akasema, "Ndege wa huko watanijua." Lori likaondoka. Ndilo neno langu la mwisho kwake, na wewe ulikuwepo, ulilisikia.

Vita ikaisha. Wenzake wakarudi mmoja mmoja, wengine wamekonda, wengine hawataki kusimulia. Tluway hakurudi. Ofisini walisema jina lake liko kwenye orodha ya wasiojulikana walipo, tusubiri. Baba akaanza ile safari yake ya kila mwezi kwenda mnadani Katesh, si kwa ajili ya kuuza wala kununua. Alikuwa anasimama pale wanaposhushwa watu wa Singida na kumuuliza kila kijana mwenye buti za jeshi kama amemwona mwanawe. Ng'ombe mweupe aliyemtengea Tluway kwa ajili ya kuoa alizaa mara ya kwanza, akazaa mara ya pili. Baba akawa anasema, "Ataanza maisha na ng'ombe watatu, huyu. Wenzake wataona wivu." Ulikuwa unamsikia akisema hivyo, Mama, nawe unaendelea kukoroga ugali.

Halafu harusi yangu. Mahari ilikuwa imeshapokelewa, siku imeshatangazwa kanisani, na Inosenti alikuwa ameshapewa chumba Katesh kwa ajili ya kazi yake ya kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Mlinisindikiza kwa lori. Watu wote waliingia nyumbani kwa wakwe zangu, wakala, wakacheza. Wewe ulibaki nje kwenye uzio, ukasema kichwa kinakuuma. Walikuletea chakula, hukula. Walikuletea maji, ukasema huna kiu. Shangazi yake Inosenti akasema kwa sauti ili nisikie, "Mama wa bibi harusi anaringa." Nililia siku ya harusi yangu, na si kwa sababu ya kuagana.

Mwaka uliofuata nikajifungua. Nilikuja Tlawi na mtoto mgongoni, mvulana, mjukuu wako wa kwanza. Nikamtoa, nikakunyooshea. Ukarudi nyuma. Mama, ulirudi nyuma kama mtu aliyenyooshewa nyoka. Ukasema mikono yako ina jivu. Ukaenda kunawa, ukakawia huko, uliporudi ukasema una mafua, usije ukamwambukiza. Siku nne nilizokaa hukumpakata hata mara moja. Ulimwangalia ukiwa upande wa pili wa chumba. Nikarudi Katesh nikamwambia Inosenti kwamba mama yangu hanipendi tena tangu niolewe, na Inosenti, ambaye huwa hasemi mabaya ya mtu, akanipokea mtoto mgongoni.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni siku Padre alipotangaza hija.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita. Padre alisema parokia itatuma mahujaji Kagera, kwenye kanisa lililo ng'ambo ya mto, kuwaombea waliokufa na kuwapelekea Wakristo wenzetu maharage na mbegu za mahindi, kwa kuwa huko mashamba yameungua na mifugo imeibwa. Hata sikuwa wa parokia ya Tlawi tena. Lakini ulimtuma kondakta wa basi mpaka Katesh aniambie, "Mama yako anakuita, si mgonjwa, njoo." Nikaja. Ukaniambia, "Nenda wewe. Mimi magoti hayawezi. Nenda kwa ajili ya kaka yako."

Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi. Hukusema nikamwombee arudi. Hilo ni kweli, na mimi ni mtu wa haki. Hilo la kurudi nililijazia mimi, kama nilivyokuwa nikizijazia barua zako. Lakini uliona nilivyojazia, Mama. Nilikuambia papo hapo mbele yako, "Nitapiga magoti mpaka Mungu amtoe huko alipojificha." Ukasema, "Haya." Neno moja. Halafu ukanipa kifurushi kidogo ulichokishona kwa kipande cha blanketi, ukasema nisikifungue, ni nia yako. Nikifika nimuulize mama mmoja anaitwa Ma Anastazia, atanionyesha pa kukiweka. Nikauliza umemjuaje mtu wa Kagera. Ukasema, "Yakobo wa Katesh alipigana huko, alinitajia." Nikaridhika. Yakobo namjua, tunasali kanisa moja, kila Jumapili ananisalimia na kuuliza hali ya mtoto.

Tulikuwa kumi na wanane, na Katekista Bura ndiye kiongozi. Lori mpaka Singida, mabasi mpaka Mwanza, halafu meli. Ningependa ungemwona Katekista ndani ya meli. Mtu aliyetuogopesha na moto wa milele tangu tukiwa wadogo, alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili, anaanza Salamu Maria, anatapika, anaianzia tena pale alipoishia. Mama Safari, jirani yako, alicheka hadi akamaliza rozari yake kwa kwikwi. Nakuambia haya kwa sababu nilikuwa na furaha. Nataka ujue hilo. Nilikwenda na furaha.

Daraja la mto lilikuwa limevunjwa wakati wa vita, tukavushwa. Kutoka hapo Katekista akasema sasa hija inaanza, tunakwenda kwa miguu, kwa nyimbo. Nyumba nyingi hazikuwa na mabati. Migomba ilikuwa imechipua ndani ya kuta, vyumba vimekuwa mashamba. Watu walitoka kutuangalia, wakasikia Kiswahili chetu cha milimani, wakauliza tunatoka wapi, na bibi mmoja akasema, "Mbulu? Watoto wenu walipita hapa." Niliposikia hivyo nikavua viatu. Nikamwambia Mungu kwamba kila mwiba nitakaoukanyaga uwe hatua moja ya Tluway kurudi nyumbani. Nilitembea pekupeku tangu asubuhi hadi alasiri. Nyayo zilitoka damu, nikafurahi zilipotoka damu.

Kanisa lilikuwa halina paa. Walitandaza turubai juu ya altare tu. Nikauliza Ma Anastazia ni nani. Akaja mama mrefu, mjane, amefunga kitambaa cheupe, akanishika mabega yote mawili, akasema, "Karibu, dada wa Paskali. Tumekungoja sana. Njoo, nimepasafisha."

Nikamuuliza amesafisha wapi.

Aliniangalia usoni, na nadhani hapo ndipo alipoona. Akasema polepole, "Mama yako aliniandikia. Alisema atakwambia mwenyewe kabla hujaja."

Nikacheka, Mama. Nikamwambia amekosea mtu, mama yangu hajui hata kuandika jina lake. Akaingia ndani akatoka na karatasi. Karatasi ya daftari la mistari, herufi kubwa kama matofali. Naijua kwa moyo. "Mimi ni mama ya Paskali Tluway. Yakobo amenieleza. Asante kwa kitenge. Ulimfunika mwanangu na mimi sikuwepo. Dada yake atakuja na hija, ataleta udongo. Usimwandikie yeye. Nitamwambia mimi." Na chini yake ukaandika jina lako, na herufi ya mwisho imetoka nje ya mstari.

Alizikwa nyuma ya kanisa, upande wa mawio. Yakobo na wenzake ndio waliomzika, kwa haraka, siku ya kwanza waliyovuka mto, na Ma Anastazia, aliyekuwa amerudi siku hiyo hiyo kutoka mafichoni, alivua kitenge chake cha juu wakamfunikia. Hapakuwa na mwandishi wa kuandika majina. Ndiyo maana ofisini bado alikuwa hajulikani alipo. Yakobo alijua. Wewe ulijua. Ma Anastazia alijua, na paroko wa Kagera alijua. Mimi niliyemwandikia barua zake zote nilifika pale kumwombea arudi, nyayo zinavuja damu, na kaburi liko hatua thelathini.

Mahujaji wenzangu walikuwa mbele ya kanisa wakigawa maharage, nikamwomba Ma Anastazia asiwaambie, tukafungua kile kifurushi sisi wawili tu. Udongo mweusi wa kwetu. Nilijua mara moja kwamba umeuchukua kule juu, kwenye mahame yetu, tulipokaa kabla ya kuhamishiwa kijijini, pale kilipozikwa kitovu chake. Mtu anayetumwa kuzika, Mama, huambiwa kwamba anakwenda kuzika. Hata mchimba kaburi huambiwa. Mimi ulinifanya mbeba mzigo.

Sikulia. Nilikaa chini nikamuuliza Ma Anastazia kama wao watu wa Kagera wanafichana vifo. Akasema hapana. Akauliza, "Kwa nini mama yako alificha?" Nikataka kusema sijui, na kumbe nilikuwa najua, mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kumweleza.

Nikamwambia kwamba kwetu kijana ambaye hajaoa akifa, nyumba yao inafungwa kwa miezi mingi. Tunaita metimani. Watu wa nyumba hiyo hawaingii kwa watu, hawali kwa watu, hawachoti maji pamoja na wengine, hawashiki mtoto wa mtu. Ng'ombe wao wanachungwa peke yao. Binti wa nyumba hiyo haolewi mpaka siku ziishe. Si adhabu, nikamwambia, ni kwamba kifo kimewagusa na hawataki kukipeleka kwa jirani. Padre anasema ni mambo ya kipagani, katibu wa kijiji anasema ni marufuku tangu tuhamishwe, na kila mtu anaitikia ndiyo, halafu kila mtu anaifuata.

Nikamsimulia pia alipokufa mdogo wetu, mimi nikiwa darasa la sita. Zamani kule juu kila nyumba ilikuwa peke yake, ukijifunga unajifunga, hakuna anayekuona. Lakini kijijini nyumba ziko kwenye mstari, bomba moja, duka moja, njia moja. Tulifungwa katikati ya watu. Watoto wenzangu walikuwa wanaruka upande wa pili wa njia wakiniona. Shuleni nilikaa kwenye dawati peke yangu. Wewe ulikuwa unateremka hadi kijito cha chini, kwa ndoo, mara mbili kwa siku, na bomba liko mbele ya mlango wetu linadondosha. Siku zilipoisha ulisema, na nilikusikia, "Hili sitalirudia mbele za watu."

Ma Anastazia alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo mtu wa mbali tu ndiye angeliuliza. "Sasa yeye mwenyewe aliifunga hiyo? Peke yake?"

Nikaiona ndoo yako. Tangu mwaka nilioolewa, kila nilipokuja Tlawi, ulikuwa unatoka kijitoni na ndoo, nami nikadhani bomba limeharibika. Nikakuona kanisani, umekaa peke yako kwenye benchi la mwisho mlangoni. Nikakuona kwenye uzio wa wakwe zangu bila kula wala kunywa. Nikaiona mikono yako yenye jivu.

Ulijifunga peke yako, miaka miwili, katikati ya kijiji, na hakuna aliyejua. Hukwenda hija, na si kwa sababu ya magoti. Usingeweza kula sahani moja na mahujaji. Yakobo alikujia wiki tatu kabla ya harusi yangu, akakukuta shambani peke yako, nawe ukamwapisha asimwambie mtu. Amenieleza, nilimfuata nilipofika Katesh, nikamtukana mbele ya mke wake, baadaye nikaomba radhi. Ulitaka niolewe. Najua. Kila mtu ninayemsimulia ananiambia, "Mama yako alikupenda sana," kana kwamba mimi ni mjinga, kana kwamba sikuliona.

Nimeliona. Ndilo linaloniuma. Hukuniuliza. Ungeniambia, "Kaka yako amekufa, tufanyeje?" na mimi ningesema harusi isubiri. Inosenti angesubiri, yule anasubiri hata trekta lipoe. Ungenifunga ndani na wewe na Baba, tungekuwa watatu. Badala yake ulinivalisha nguo nyeupe, ukaniacha nicheze juu ya kifo cha kaka yangu. Yule niliyemwita kitisha-ndege. Nilikuwa na haki ya kumlilia, Mama, na ulininyang'anya, halafu ukaniacha nijione kalamu yako.

Nilirudi Tlawi. Ulikuwa unapepeta maharage. Ukauliza, "Uliweka?" Nikasema, "Niliweka." Tukaangaliana. Nilingoja. Nilikupa nafasi, nilikaa kwenye kigoda chako makusudi, nikakaa jioni nzima. Ukasema, "Mungu akubariki kwa safari," ukaendelea kupepeta. Miezi minne nilikuja kila baada ya wiki mbili, kila mara nikingoja useme, na kila mara tulizungumza habari za mvua na foleni ya sabuni. Halafu kifua kikakubana, wakakupeleka hospitali ya wilaya, na niliposhuka kwenye basi nikamkuta Baba amekaa nje, kofia mkononi.

Na mimi pia sikusema. Nakiri. Baba aliendelea kwenda mnadani miezi ile minne yote, na mara mbili alilala kwangu, nikampa chai asubuhi aende akaulize watu habari za mtu ambaye nimemmwagia udongo kwa mikono yangu. Nilisema ni kazi ya Mama kumwambia. Ulinifundisha vizuri.

Kwenye kaburi lako Baba alisema kwa sauti, watu wote wakamsikia, "Nenda salama. Tluway akirudi nitamwambia ulimngoja."

Wewe ulikuwa mtu mzima mwenye mjukuu, siku za kujifunga kwa ajili yako zikawa chache, nyumba ikafunguliwa. Nikasema Baba akimaliza huzuni moja nitampa ya pili. Siku zikapita. Jumamosi iliyopita alikuwa anatengeneza zizi, mtoto wangu anacheza na vipande vya kamba miguuni pake, akasema, "Mwezi ujao nitamuuza yule dume, Tluway hatahitaji madume wawili." Nikamwambia. Nilisema yote, tangu Yakobo mpaka udongo. Sikuacha hata herufi zako.

Aliendelea kufunga fundo mpaka likakaza. Akauliza, "Alifunikwa?" Nikasema kwa kitenge. "Cha nani?" Nikamwambia. Akasema jina la Ma Anastazia mara mbili ili asilisahau. Nilijiandaa akulaani, Mama, na kusema kweli nilitaka akulaani, ili nisiwe peke yangu. Hakukulaani. Akaniuliza, "Sasa mama yako alikuwa analilia wapi?"

Mimi sijui ulikuwa unalilia wapi. Baba, aliyelala kitanda kimoja na wewe, hajui.

Aliinuka akaenda kwenye uzio, akakata matawi ya miiba, akaanza kuyaburuta kwenye njia ya kuingilia kwetu. Saa saba mchana, mbele za watu wote. Akaniambia, "Toka kabla sijafunga. Una mtoto na mume." Nikamwambia afunge. Akasimama akanitazama, halafu akafunga. Inosenti nimempelekea habari yote, sikumficha mstari mmoja, naye amejibu kwamba tukae, ataleta unga mpaka kwenye miiba. Katibu wa kijiji alikuja kusema ni marufuku, akafika kwenye matawi, akavua kofia, akarudi.

Halafu Baba akalia, Mama. Alisimama katikati ya uwanja akamwita Tluway kwa jina lake la nyumbani, akalia kama mtoto, na mimi nikalia naye. Kundi la wanawake lilikuwa linapita kutoka shamba la ujamaa. Wakasimama. Mama Safari akauliza kwa mbali, "Ni Tluway?" Nikaitikia kwamba ni Tluway. Wakaweka majembe chini, palepale njiani, upande wao wa miiba, wakapiga ukunga. Wengine wakatoka majumbani. Mwalimu Mwanahawa naye alisimama kando, ameshika uso kwa mikono miwili. Hakuna aliyevuka, na hakuna aliyeondoka mpaka Baba alipokaa chini.

Hapo ndipo nilikasirika nawe kuliko hata siku ile Kagera. Walikuwepo. Siku zote hizo watu hawa walikuwepo, mlango kwa mlango, na wewe ukachagua kwenda kijitoni na ndoo.

Kwa heri, Mama. Sijakusamehe, na sitaandika kwamba nimekusamehe ili barua ipate kwisha vizuri. Miezi hii iliyobaki nakaa humu na Baba kwa ajili ya Tluway, na kila siku tukimlilia yeye nitaongeza kilio kidogo cha kwako, maana hakuna aliyekusaidia kulia. Mwanangu amelala hapa ubavuni. Nakuahidi juu yake: msiba wowote utakaomhusu, hata ukimharibia harusi, atausikia kwa mdomo wangu, siku hiyo hiyo, na tutalia pamoja.

Mwanao,
Basilisa